Aliyepunguza Picha za Kuresoi

Nakuru, Jumapili, saa nane na nusu mchana

Doreen mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga vijana wenzako kanisani, na umeniambia utarudi kabla ya giza. Kwa hivyo nina kama saa nne. Nimeweka kalamu ya pili karibu, na nimechukua karatasi ya mistari kwa sababu unajua bila mistari mwandiko wangu hupanda mlima.

Mambo ya blanketi, dawa ya kifua, stakabadhi za chuo na namna ya kumpata shangazi yako ukifika Kisumu yako kwenye karatasi nyingine, ndani ya mfuko wa mbele wa sanduku lako. Nimeyapanga kwa namba na hutapotea. Barua hii ni ya jambo moja tu. Nitalifikia polepole kwa sababu ni zito kwangu, lakini nitalifikia. Tafadhali usiruke kurasa.

Kesho asubuhi unaenda kusomea uuguzi. Mwaka jana wakati kama huu ulikuwa unataka kusomea kazi ya kuchora na kupanga kurasa, na fomu za chuo cha Nairobi ulikuwa umeshazijaza kwa penseli. Kati ya penseli ile na sanduku hili kulikuwa na mchana mmoja ofisini kwetu, mwezi wa Februari. Wewe unaamini unajua kilichotokea mchana ule. Hukijui. Mimi nimekijua siku zote hizi, na nimekuacha ukae na uongo wangu miezi saba.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijua kupiga taipu, basi. Baba yako alipofariki, wewe ukiwa darasa la tatu, nilikodi kile chumba cha juu nyuma ya soko, nikaweka taipu yangu, na miaka miwili baadaye nikanunua kompyuta iliyotumika. Watu walidhani nimekuwa mpiga chapa. Sikuwa na mtambo wowote. Kazi yangu ilikuwa kutayarisha: kadi za arusi, programu za mazishi, majarida ya shule, kalenda. Nilipanga kila kitu kwenye kompyuta, kisha nikampelekea Mzee Jagdish, ambaye mtambo wake ulikuwa mtaa wa pili, naye akachapa.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kadi za arusi. Nilizipamba kwa maua hadi kwenye ukingo, na jina la bibi arusi nikaliweka chini kabisa karibu na mwisho wa karatasi, kwa sababu kwenye skrini lilipendeza pale. Sikujua kwamba mpiga chapa huchapa kwenye karatasi kubwa halafu hukata kwa kisu, na kisu hakifuati mstari wa macho yako. Ndiyo maana rangi inapaswa kuvuka mstari wa kukata kwa milimita tatu kila upande, na maandishi yakae ndani, mbali na kisu. Kadi ziliporudi, jina la bibi arusi lilikuwa limekatwa miguu. Nilishuka ngazi na boksi mkononi nikaenda kumlaumu Mzee Jagdish mbele ya wateja wake.

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mama," akasema, "mashini yangu hii haina akili hata kidogo. Wewe naleta kadi mzuri, yeye napiga mzuri elfu moja. Wewe naleta kosa, yeye napiga kosa elfu moja. Hauliza. Sasa mimi na wewe ndiyo iko na akili. Nani atauliza?"

Kijana mmoja aliyekuwa akikunja karatasi akacheka. Mzee akamgeukia: "Wewe nacheka nini? Wiki jana umekunja Biblia kurasa nyuma mbele."

Siku ile nilianza shajara yangu ya kazi. Unaijua, zile daftari nyeusi kwenye rafu. Kila siku ya kazi, tarehe, faili gani imeingia, imefanywa nini, imetoka wapi. Uliwahi kuniambia kwamba hata nikikohoa nitaandika. Ulikuwa karibu na ukweli. Nilikuwa mjane na mtoto mmoja, na nilikuwa nimeona jinsi mtu anavyoweza kutoka asubuhi akiwa mzima na jioni asirudi. Kuandika kila kitu kulinifanya nijisikie kuna vitu ambavyo havitanipotea.

Kila kosa lilinipa sheria. Jarida la shule ya wavulana lilitoka na visanduku vitupu mahali pa herufi, kwa sababu fonti yangu haikuwa kwenye kompyuta ya mtambo. Tangu hapo nikawa nafungasha fonti pamoja na kazi. Kuna bango la kwaya ambalo buluu yake ya kwenye skrini iligeuka zambarau kwenye karatasi, nikajifunza kutoiamini skrini. Na sheria iliyokuja mwisho ndiyo niliyoiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni juu ya kompyuta. Umeisoma tangu ukiwa shule ya msingi: KILE MTEJA AMELETA KINAINGIA FOLDA YA ASILI. HAKIGUSWI. TUNAFANYA KWENYE NAKALA, FOLDA YA KAZI.

Ulikua chini ya katoni ile. Ulifanyia masomo kwenye kona ya meza, ukawa unanisahihisha. Ulipokuwa kidato cha tatu uliniambia, "Mathe, hii herufi yako ya mazishi inafanana na ya supamaketi." Nilinuna siku nzima, kisha nikaibadilisha. Ulikuwa na jicho ambalo mimi sikuwa nalo. Mimi nilijua kanuni. Wewe uliona ukurasa. Sijawahi kukwambia hivyo kwa mdomo, na sijui ni kwa nini mtu huchelewesha maneno ya namna hiyo hadi mtoto amefunga sanduku.

Sasa Desemba.

Ulikuwa umemaliza mtihani wa kidato cha nne, unakuja ofisini kila siku. Unakumbuka mji ulivyokuwa, kila ukuta una uso wa mgombea. Mzee Jagdish alikuwa akichapa mabango usiku na mchana na hakuweza kuchukua kazi nyingine. Ndipo akaja katibu wa lile kanisa la Kuresoi, mwenye koti la kijani, na picha kwenye flashi. Alitaka kalenda ya ukutani ya mwaka mpya: karatasi moja kubwa, jengo la kanisa katikati, miezi chini, na kuzunguka jengo nyuso za akina mama wa kikundi chao, ishirini na sita, kila uso mdogo kama stempu ya barua. Alikuwa amewapiga picha mwenyewe kwa kamera ya dijitali mmoja mmoja, nje, mbele ya magunia ya viazi.

Tulinakili picha zote kwenye ASILI, akarudishiwa flashi yake, akaenda. Wewe ukatengeneza nakala kwenye KAZI, ukaanza kusafisha nyuso, kupunguza kivuli, kunyoosha vitambaa. Ulifika kwa mama mmoja wa kitambaa cheupe ukaniita.

"Mathe, kuja uone huyu. Ako na furaha ya nini?"

Alikuwa anacheka mdomo wazi, macho yamefinyika, na mwanya kati ya meno ya mbele. Katibu alikuwa ametuambia: alipokuwa akiwapiga picha alikuwa anawaambia "semeni viazi", na wote walisema viazi kwa adabu ya kanisa, isipokuwa yule, alicheka hadi akakalia gunia. Ulikuza picha ikajaza skrini nzima. Tulihesabu hata nyuzi za kitambaa. Ukasema, "Huyu hata ukimfanya stempu bado atacheka." Huyo ndiye Rebeka, mke wa Mzee Elija. Hatukujua majina yao wakati huo.

Ijumaa iliyofuata hukuja kazini. Ulikwenda kusukwa nywele. Nilikuwa peke yangu, na kazi ilipaswa kufika kwa mchapaji wa Nairobi siku hiyohiyo la sivyo wangefunga kwa Krismasi. Nitakueleza mambo mawili niliyoyafanya, na saa zake, kwa sababu yako kwenye shajara.

Asubuhi kompyuta ilikataa kuhifadhi. Ilikuwa imejaa. Nikatafuta kitu kikubwa cha kuondoa, nikaiona ile folda ya ASILI ya Kuresoi. Nikajiambia: nakala zote ziko KAZI, tena zimesafishwa, tena ni kubwa vilevile. Nikaifuta. Kompyuta ikapumua.

Mchana nilipeleka kazi kwenye saiba ili niitume kwa barua pepe. Mtandao ulikuwa unatambaa, na watu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu. Mzee Jagdish alikuwa ameniambia mara mia, "Choma CD, tuma na basi, basi haipunguzi picha." Lakini basi lingefika jioni. Nikarudi ofisini, nikazichukua zile picha za KAZI zote ishirini na sita kwa pamoja, nikazipunguza. Kila moja ilikuwa na nukta zaidi ya elfu mbili kwa upana; nikazifanya mia mbili na hamsini, zinazotosha stempu. Programu ikaniuliza kama nataka kuhifadhi juu ya zilizopo. Nikabonyeza ndiyo. Nikajiambia: asili ziko.

Asubuhi nilifuta za asili kwa sababu kulikuwa na nakala. Mchana niliharibu nakala kwa sababu kulikuwa na za asili. Kila moja peke yake ilikuwa na maana. Kati ya asubuhi na mchana nilikuwa nimesahau asubuhi.

Kalenda ilitoka safi. Kwa ukubwa wa stempu hakuna kilichoonekana. Rebeka alikuwa anacheka kwenye kona ya kulia, juu ya Desemba.

Ya wiki zile baada ya uchaguzi sitayaandika, uliyaona nami kupitia pazia. Nitasema tu kwamba Kuresoi nyumba nyingi ziliungua, na nyumba inapoungua picha huungua pia, na kalenda ukutani, na kamera ya katibu wa kanisa. Hakuna mtu anayekimbia na albamu. Wakati ule sikuwa nimefikiria kwamba mimi, kwenye chumba changu cha juu nyuma ya soko, nilikuwa nimebaki na nyuso za watu.

Mzee Elija alikuja Februari, mchana, jua kali. Ulikuwa umekaa kwenye meza ya nyuma unakata kadi. Alivua kofia mlangoni. Alikuwa na kalenda yetu imekunjwa mara nne. Dada yake anayeishi Kiamunyi alikuwa amepewa moja kabla ya Krismasi, na hiyo ndiyo iliyosalia. Akaifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye kona ya kulia.

"Mama yao ametuacha," akasema. "Kule kambini. Kifua. Baridi ya hema ilimshinda." Akanyoosha mikunjo ya kalenda. "Tunamzika hapa mjini kwa sababu kule hakuendeki. Sasa nataka programu, na nataka picha moja kubwa hivi, ya kutangulia mbele ya jeneza. Watoto wajue ni mama yao anapita. Hatuna nyingine. Ni hii tu, na hii nimeambiwa haikuzwi, inakuwa madoadoa."

Nilimwambia hivi, na unakumbuka nilivyosema kwa kujivuna: "Mzee, usijali. Hiyo ni ya karatasi. Ile yenyewe ninayo. Mimi huwa sipotezi kitu."

Alikaa chini. Uso wake ulilegea, nikaona alikuwa amebeba ile hofu tangu Kiamunyi. Wewe ulikuja na kikombe cha chai. Nikafungua kompyuta. ASILI, hakuna. Nikafungua KAZI. Alikuwepo. Nikamkuza.

Uliona mwenyewe. Uso uligeuka vigae. Macho yakawa mistari miwili ya kahawia, kitambaa kikawa bati, na ule mwanya ambao tuliuona vizuri hata ungeweza kupitisha kijiti, ukawa mraba mmoja wa kijivu. Nilijaribu kila nilichojua. Kompyuta inaweza kulainisha, lakini haiwezi kukumbuka kitu ilichoambiwa isahau.

"Mbona amejificha?" mzee akauliza.

Nikampigia simu katibu wa kanisa pale pale, naye akasema: "Mama, kamera ilibaki kwa nyumba. Na ile flashi nilifuta, niliweka nyimbo. Si picha uko nazo wewe?"

Mzee akaniangalia. Hakunilaumu, aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua njia: "Nani aliifanya ndogo?"

Nami nikasema, "Msichana wangu ndiye alikuwa anashughulikia hizo picha."

Sitajitetea kwamba nilidhani ni wewe. Nilikumbuka ile Ijumaa kabla sijaimaliza sentensi. Nilikuwa nimefika kwenye neno "alikuwa", na ningeweza kusimama hapo. Sikusimama. Nilikuwa nimetoka kumwambia mtu aliyepoteza kila kitu kwamba mimi sipotezi kitu, na sikuweza kuvumilia kuwa mimi ndiye niliyempotezea kilichobaki. Nikalitafutia kosa lile mahali pengine pa kukaa, na wewe ndiye uliyekuwa karibu, na kikombe mkononi.

Hukubisha. Ungebisha, labda ningerudi nyuma. Uliweka kikombe chini taratibu ukasema, "Pole, mzee. Sikujua." Uliamini mara moja, kwa sababu folda ya KAZI ilikuwa yako na vidole vyako vilikuwa vimegusa kila uso. Na uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini.

Jioni tukitembea kurudi nyumbani uliniuliza, "Mama, nilibonyeza nini?" Hukusema mathe. Ukauliza tena, "Nataka tu kujua nilibonyeza nini, ndio nisirudie." Nikakujibu, "Achana nayo, imepita."

Doreen, lile la Ijumaa lilikuwa kosa la kuchoka. La mbele ya mzee lilikuwa la woga. Lakini hili la njiani nililichagua nikiwa nimetulia, hatua kwa hatua, toka soko hadi nyumbani, na wewe ukitembea kando yangu ukitafuta kosa ambalo hukulifanya. Hilo ndilo linaloniamsha.

Usiku ule niliandika kwenye shajara: "Mzee wa Kuresoi amekuja. Picha haikutosha." Basi. Miaka yote ile daftari zangu hazikuwahi kusema uongo, na hata siku hiyo hazikusema. Zilinyamaza tu, kama mimi.

Tulitengeneza picha kwa jinsi ilivyowezekana. Mzee Jagdish aliichapa mwenyewe, hakutaka kijana wake aiguse. Nilikwenda kwenye mazishi, wewe ulikataa kuja. Mtoto mkubwa aliibeba mbele, na fremu ilikuwa na utepe mweusi. Mzee Elija aliniona nimeinamisha kichwa akanijia akasema, "Usijali sana, mama. Ukisimama mbali, ni yeye." Nikarudi nyuma hadi ukuta wa makaburi, nikatazama. Ilikuwa kweli. Vigae viliungana, na kutoka pale alikuwa anacheka.

Hukukaa tena mbele ya ile kompyuta. Ulikuwa unapika, unafua, unakwenda kwaya. Matokeo yalipotoka ulifuta penseli kwenye zile fomu. Nilipokuuliza kwa nini uuguzi, ulisema, "Nataka kazi ambayo mtu mwenyewe yuko mbele yangu, nikikosea naona hapo hapo." Nikatikisa kichwa kama mama mwenye busara, nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo muda mrefu bila nguo yoyote mkononi.

Wiki iliyopita, Jumamosi, nilikuambia naenda kununua karatasi. Nilikwenda Kiamunyi. Sikutaka uondoke kabla sijamwambia yule mtu ukweli, na nilifikiri, kwa kujidanganya, kwamba nikimwambia yeye kwanza itakuwa rahisi kukwambia wewe.

Anaishi kwenye vyumba vya nyuma kwa dada yake. Amelima viazi kwenye kile kipande kati ya nyumba na ukuta, mistari minne iliyonyooka. Ndani, picha iko ukutani. Nilitaka kukaa kwenye kochi chini yake, dada akanizuia. "Hapo hapana, kaa kwa hiki kiti cha mlango. Ukikaribia anapotea." Kwa hivyo kila mgeni wa nyumba ile hukaa mlangoni.

Nilisema yote. Ijumaa, asubuhi na mchana, kisha Februari. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakaisha upesi. Nikamwomba anisamehe.

Alitazama picha ukutani. Kisha akasema, "Msichana wako alikuja hapa."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Alikuja wakati wa ile mvua kubwa," dada akasema. "Viatu mkononi, matope hadi hapa. Ati amekuja kuomba msamaha kwa ile mambo ya picha. Alilia mpaka sisi wafiwa ndio tukamfanyia chai."

"Amekuja mara tatu," mzee akasema.

"Mara nne. Ile ingine ulikuwa shambani. Lakini huyo mtoto, mama, ukweli nikwambie, akimenya viazi nusu inaenda na maganda."

Mzee akacheka kidogo. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kisha nikashindwa kuacha na ikawa kilio. Kumbe zile Jumamosi za "mazoezi ya kwaya". Ulikwenda kubeba kosa langu hadi Kiamunyi kwa miguu, kwenye mvua, peke yako, na ukarudi nyumbani ukanywa uji na mimi na hukusema neno.

Nilipotulia, nikarudia ombi langu. Mzee Elija akatikisa kichwa.

"Mama Doreen," akasema, "mimi msamaha wa picha nilishautoa. Nilimpa yule msichana, akauchukua, akaenda nao. Sina mwingine. Sasa wewe ukiutaka, uende ukamwombe yeye. Uko kwake."

Hakusema kwa ukali. Alinisindikiza hadi barabarani na akanipa viazi kwenye mfuko. Ndivyo viazi tulivyokula Jumapili, ukasema ni vitamu, nikasema nimevinunua sokoni. Hata huo ni uongo, nauweka hapa pamoja na mwingine.

Sasa umefika mahali nilipokuwa nakupeleka.

Sikuambii ubadilishe chuo. Kama unakwenda kuuguza kwa sababu moyo wako uko huko, nenda, utakuwa mzuri. Mtu aliyetembea hadi Kiamunyi kwenye tope kwa ajili ya mzee asiyemjua tayari ameianza hiyo kazi. Lakini kama unakwenda kwa sababu unaogopa mikono yako, basi ujue mikono yako haikufanya kitu. Uliniuliza ulibonyeza nini. Hukubonyeza chochote. Ulinyoosha kitambaa cha Rebeka na ukaihifadhi picha yake kubwa, safi, mahali pake. Mimi ndiye niliyeifuta na mimi ndiye niliyeipunguza. Zile fomu za penseli sikuzitupa. Ziko kwenye bahasha ya kaki kwenye rafu, kando ya shajara. Muhula wa Januari unaweza kuzijaza kwa wino, au ukaziacha huko milele, sitakuuliza.

Nilifikiria kuiweka barua hii ndani ya sanduku uisome ukishafika Kisumu. Kisha nikaona hiyo ingekuwa tena ile njia ya kutoka sokoni. Basi nitakupa mkononi, leo, ukirudi. Utaisoma chumbani, na mimi nitakuwa jikoni. Naomba unisamehe. Najua hulazimiki kunijibu leo kwa sababu tu kesho kuna safari. Ukimaliza, njoo, au usije, chakula nitakifunika.

Ndani ya bahasha utakuta ukurasa wa ile Ijumaa ya Desemba. Mistari miwili, kwa mwandiko wangu: "Asubuhi, nimefuta ASILI ya Kuresoi, kompyuta imejaa. Mchana, nimepunguza picha zote 26, nimehifadhi juu yake." Nimeukata kwa rula na wembe. Sijawahi kutoa ukurasa kwenye daftari zangu, na pale ulipokuwa limebaki pengo ambalo kidole kinalisikia.

Nimekaa nao mbele yangu tangu saa tisa. Kuna duka la fotokopi hapo chini, na hata leo Jumapili liko wazi. Sikushuka. Ulio mkononi mwako ndio wenyewe, mwanangu, na sikubaki na nakala.

Mama yako